Mikono Mitupu Mezani: Jinsi Kasino Zinavyojilinda na Wizi wa Wachezeshaji Wake

Mchezeshaji wa kasino ya Las Vegas akimaliza zamu yake mezani haondoki hivi hivi. Hunyoosha mikono juu ya kitambaa cha meza, hugonganisha viganja mara moja, huvigeuza juu na chini vidole vikiwa vimetanuliwa, ndipo hurudi nyuma na kumpisha mwenzake. Mgeni hudhani ni madaha, au namna ya kuaga. Kumbe anaionyesha kamera iliyo darini kwamba haondoki na kitu. Atafanya hivyo hivyo kabla ya kujikuna sikio, kabla ya kutoa leso, na kabla ya kugusa sehemu yoyote ya mwili wake baada ya kushika chipu.

Kitendo hicho cha sekunde mbili kimebeba falsafa nzima ya ulinzi wa kasino. Mwenye kasino hapotezi muda mwingi kuuliza nani mwaminifu na nani mwizi, kwa sababu mtu aliye safi mwezi Januari anaweza kuwa na deni lisilolipika ifikapo Juni. Alichofanya ni kuipanga kazi yenyewe ili kila mwendo wa mkono uonekane, na mwendo usioonekana uhesabiwe kosa hata kama hakuna senti iliyopotea. Mchezeshaji mpya huonywa, na mara nyingine hufukuzwa, kwa kusahau kuonyesha viganja. Wengi huona ni uonevu. Lakini kanuni inayosamehewa kwa mtu mwema ndiyo mlango atakaopitia mwizi.

Mchezeshaji ninayemzungumzia hapa ni mfanyakazi anayegawa karata, anayezungusha gurudumu la ruleti, au anayekusanya na kulipa madau kwenye meza ya dadu. Wizi wake huwa wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kuchukua chipu yenyewe. Chipu ni kisahani chenye kipenyo cha milimita 39 hivi, na katika kasino za Nevada rangi hutaja thamani: nyekundu kwa kawaida ni dola 5, kijani dola 25, nyeusi dola 100. Kitu kidogo namna hiyo hufichika kiganjani bila shida, na mkono ukipita karibu na kola au kiuno kinazama. Wezi wa zamani walishonewa mifuko ya siri ndani ya shati na suruali kwa kazi hiyo hasa.

Wa pili ndio hatari zaidi. Mchezeshaji haibi chochote kwa mkono wake. Humlipa mshirika aliyekaa mezani kama mteja wa kawaida. Atamlipa dau lililopoteza, au atamlipa sare kana kwamba ni ushindi. Akimbadilishia noti ya dola 100 atachomeka chipu nyeusi chini ya rundo la nyekundu. Atamwonyesha kwa pembe karata ambayo ilipaswa kulala kifudifudi. Mshirika huyo hutoka mlango wa mbele akiaga walinzi. Ukimpekua mchezeshaji usiku kucha hutapata kitu.

Dhidi ya wizi wa kwanza dawa ni mavazi, na hapo maelezo ni mafupi. Sare za wachezeshaji hazina mifuko, au mifuko imeshonwa ikafungwa. Kasino nyingi huwavisha aproni inayofunika kiuno, na wasioijua hudhani ni pambo. Mikono ya shati hubana kwenye kifundo cha mkono, na saa kubwa za mkononi huwa marufuku. Basi.

Dhidi ya wizi wa pili, nguo hazisaidii. Hapo ndipo utaratibu wa meza ulipozaliwa, na unastahili kutazamwa polepole.

Chukua tendo dogo kabisa: mteja anataka chipu za dola 100. Hawezi kumpa mchezeshaji noti mkononi. Akijaribu, ataombwa aiweke mezani, maana noti inayopita mkono kwa mkono haina shahidi. Mchezeshaji huitandaza noti ikiangalia juu mahali ambapo kamera inaona tarakimu. Kama ni noti nyingi, huzipanga kwa safu, hazirundiki. Kisha hutamka kwa sauti kiasi anachobadilisha, na msimamizi aliye nyuma yake huitikia baada ya kutupia jicho. Ndipo anapogusa trei. Hutoa chipu na kuzikata katika marundo: hujenga rundo la chipu 5, kisha huweka mengine ubavuni pake na kupitisha kidole juu kuhakikisha yanalingana kimo. Rundo moja hulitandaza kama feni ili kila chipu ihesabike kwa macho na rangi za pembeni zionekane. Hapo chipu nyeusi iliyojificha chini ya nyekundu hujitoa yenyewe. Baada ya yote hayo husukuma chipu kwa mteja, na noti huzisukumia kwenye tundu jembamba la meza kwa kipande cha plastiki.

Chini ya tundu hilo kuna kasha la chuma lililofungwa. Mchezeshaji hana ufunguo wake, na msimamizi wake pia hana. Makasha hutolewa na kikundi kingine kwa saa zilizopangwa, yakapelekwa kwenye chumba cha kuhesabia, ambako watu wasiopungua watatu huhesabu kwa pamoja. Meza za huko mara nyingi ni za plastiki angavu ili mtu asiweze kuangusha noti mapajani. Wahesabuji huvaa ovaroli zisizo na mfuko, na wao pia huonyesha viganja kila mkono unapoacha fedha. Aliyepokea fedha mezani haihesabu. Anayeihesabu hakuiona ikipokelewa. Anayelinganisha vitabu ni mtu wa tatu, aliye ofisini.

Chipu nazo zina njia yake. Meza ikipungukiwa, msimamizi huagiza kwa hati kutoka kwa keshia, mlinzi huzibeba, mezani huhesabiwa upya mbele ya kamera, na mchezeshaji, msimamizi, mlinzi na keshia wote hutia saini. Ndani ya trei chipu hupangwa katika mifereji na kutenganishwa kila baada ya 20, hivyo msimamizi mzoefu anayepita hujua kwa kutazama tu kama meza inakula au inaliwa, na kwa kiasi gani.

Hata bakshishi ina kanuni. Mteja akimtupia mchezeshaji chipu ya asante, mchezeshaji huigonga kwenye ukingo wa trei au wa kasha la bakshishi kabla ya kuitumbukiza, ili ule mlio umwambie msimamizi kwamba hii inayoondoka mezani si mali ya kasino. Katika kasino nyingi za Las Vegas bakshishi za siku nzima huwekwa fungu moja na kugawanywa kwa wachezeshaji wote wa siku hiyo. Sababu mojawapo ni haki, kwani meza hazifanani kwa neema; nyingine ni kwamba mtu anayegawana na wenzake hana tamaa kubwa ya kumpendelea mteja mmoja. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: chini ya sheria yake ya kamari ya 1968, bakshishi kwa wachezeshaji zilikatazwa kabisa, na katazo hilo halikuondoka mpaka ilipokuja sheria mpya ya 2005.

Kwenye karata mambo huwa magumu kidogo, kwa kuwa kinachoibwa ni habari. Katika mchezo wa blekjeki, mchezeshaji hujipa karata moja iliyofunuliwa na moja iliyofunikwa. Zamani, ile iliyofunuliwa ikiwa ya thamani ya 10 au rei, aliinua pembe ya ile iliyofunikwa na kuchungulia kama amefikisha 21. Aliyechungulia anajua, na anayejua anaweza kumwashiria mshirika wake kwa namna ya kusimama tu. Siku hizi meza nyingi zina kioo kidogo kilichozamishwa mezani kinachomwonyesha jambo moja tu: amefikisha au hajafikisha. Mchezeshaji hawezi kuuza siri asiyoijua, na kwa maoni yangu hicho kikioo cha bei ndogo kimeokoa fedha nyingi kuliko kamera kadhaa za bei kubwa.

Malipo nayo hufuata mpangilio usiobadilika, mchezaji baada ya mchezaji kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, na karata zilizotumika hukusanywa kwa mfuatano ule ule na kulazwa kwenye trei yake. Ukitokea ubishi, msimamizi anaweza kuzirudisha moja moja na kuujenga upya mchezo uliopita. Akikuta mchezeshaji amezoea kukusanya ovyo, ana haki ya kujiuliza ni ushahidi gani unaovurugwa.

Kisha kuna kuchanga karata. Kila kasino ina utaratibu wake ulioandikwa: karata husambazwa na kuvurugwa mezani, huchangwa kwa idadi maalumu ya mara, hukatwa. Mwaka 1992 zilianza kuingia mashine za kuchanga za kampuni ya Shuffle Master, na wengi hudhani zililetwa kuokoa muda. Ziliokoa muda kweli, lakini pia zilimwondolea mchezeshaji nafasi ya kuchanga kwa uongo.

Thamani ya jambo hilo ilionekana wazi kati ya 2002 na 2007. Kundi la wahalifu lililokuja kujulikana mahakamani kwa jina la Tran Organization, lenye makao San Diego, California, liliwahonga wachezeshaji wa bakara katika kasino zaidi ya 20 za Marekani na Kanada. Mpango wao ulikuwa mwepesi. Bakara ni mchezo ambao kasino zenyewe huwapa wateja karatasi na penseli waandike matokeo, kwa kuwa wateja hupenda kutafuta mifuatano ya bahati. Mshirika aliandika mfuatano wa karata zilizotoka bila mtu kumshuku. Mchezeshaji aliyehongwa alipochanga, alifanya miondoko yote ya kuchanga, lakini kifungu kimoja cha karata kilibaki kama kilivyokuwa. Kifungu hicho kilipoanza kutoka tena, kundi lilijua nani atashinda michezo iliyofuata, na madau yakapanda ghafla. Katika kasino moja ya Indiana walichota dola 868,000 kwa dakika 90 hivi. Jumla ya uchotaji ilifikia hadi dola milioni 7 kabla ya mashtaka kufunguliwa.

Kilichowaangusha walinzi wa kasino hizo ni kwamba utaratibu ulionekana kufuatwa. Macho ya kamera yalikuwepo na mikono ilionekana. Kuona mkono ukifanya kazi si sawa na kujua kazi imefanyika.

Turudi kwenye macho hayo. Kabla ya kamera, kasino za Nevada zilikuwa na njia za mbao au chuma juu ya dari, na vioo vya kuona upande mmoja. Walinzi walitembea gizani huko juu wakiwa na darubini, wakiinama kuchungulia meza zilizo chini yao. Kamera zilipochukua nafasi yao, chumba cha ulinzi kilihamia sehemu ambayo wachezeshaji wengi hawajapata kuiona. Katika kasino inayoendeshwa vizuri, mkuu wa chumba hicho haripoti kwa meneja wa meza. Huripoti juu zaidi, kwa sababu meneja naye anatazamwa. Walinzi wa kamera huhimizwa wasifanye urafiki na wachezeshaji, na kuna mahali ambapo hata chakula hawali pamoja. Mezani, msimamizi mmoja hutazama meza kadhaa. Juu yake yuko mkuu wa eneo. Juu ya huyo, meneja wa zamu. Wachezeshaji nao huzungushwa. Las Vegas ni kawaida kufanya kazi saa moja na kupumzika dakika 20, na anayerudi mara nyingi hupelekwa meza nyingine. Pumziko hilo ni la kiafya, ila pia linavunja miadi: mshirika anayemsubiri mchezeshaji wake hajui kwa hakika atamkuta wapi, na mteja anayehama meza kila mchezeshaji fulani anapohama huonekana haraka sana.

Hata hivyo, mlinzi ninayemwamini kuliko wote si kamera wala msimamizi. Ni hesabu.

Kila mchezo wa kasino una faida inayojulikana. Gurudumu la ruleti la Kiulaya lina nafasi 37, na sifuri moja kati yake huipa kasino asilimia 2.7 ya kila dau. Tuseme meza imepokea madau 10,000 ya dola 10 kila moja, yote kwenye nyekundu au nyeusi. Kasino inatarajia kubaki na dola 2,700 hivi. Bahati huyumbisha matokeo, na kipimo cha kuyumba huko hapa ni kama dola 1,000. Kwa hiyo meza ikifunga na faida ya dola 700 au dola 4,700 hakuna atakayestuka. Meza hiyo kufunga na hasara hutokea kama mara moja katika 290. Ni nadra, lakini kasino yenye meza nyingi itayaona hayo. Sasa ongeza madau yafike 40,000. Faida inayotarajiwa inapanda hadi karibu dola 10,800, ila kuyumba kunapanda hadi dola 2,000 tu. Hasara hapo haifiki hata mara moja katika milioni 10. Mchezeshaji mwenye bahati mbaya kwa wiki moja ni mtu wa kuonewa huruma. Akiwa nayo miezi sita mfululizo, faili lake litafunguliwa, na mkanda wa kamera utatazamwa na watu wanaojua wanachotafuta.

Ndiyo maana kasino hukokotoa, kwa kila meza na kila zamu, sehemu ya fedha iliyoingia kwenye kasha ambayo imebaki kuwa faida. Hesabu hiyo haimtaji mwizi. Huonyesha tu mahali pa kutazama.

Kisa cha kasino ya Bellagio, Las Vegas, kinafundisha zaidi kuliko vitabu vya mafunzo. Kati ya 2012 na 2014, wachezeshaji wa meza ya dadu ya krapsi walishirikiana na wateja wawili. Katika krapsi kuna dau linalotamkwa kwa mdomo: mteja anasema mtupo ujao utaleta mchanganyiko fulani wa dadu, na akipatia hulipwa mara 15 au 30 ya dau lake. Mteja alinung'unika maneno yasiyosikika. Dadu zikitua, mchezeshaji alidai kwamba mchanganyiko uliotokea ndio uliotajwa, akalipa. Hakukuwa na chipu iliyowekwa mahali pake kabla ya mtupo. Kamera ziliona malipo halali kwa dau lililodaiwa kuwekwa, na kamera haisikii manung'uniko. Zaidi ya dola milioni 1 ziliondoka. Hesabu iliyotolewa mbele ya baraza la mashtaka ilisema uwezekano wa ushindi huo kutokea kwa bahati ni mmoja kati ya bilioni 452. Namba hiyo inavutia, ila inaniachia swali: ilichukuaje miaka miwili? Jibu lake ni kwamba kasino iliruhusu aina moja ya dau isiyoacha alama, kwa sababu wateja wakubwa huipenda na kuwabana kungewaudhi. Kila kasino inajua kanuni. Ugumu ni kuishika mbele ya mteja anayetumia fedha nyingi.

Itakuwa dhuluma kuwasema wachezeshaji peke yao. Nevada ilihalalisha kamari 1931, ikaunda bodi ya kuisimamia 1955, na sehemu kubwa ya kanuni za leo haikuwekwa kwa ajili ya wafanyakazi wadogo bali kwa ajili ya wenye mali. Mwaka 1976 maofisa wa bodi walivamia kasino ya Stardust na kukuta kwamba sarafu za mashine zilikuwa zinapimwa kwa mizani iliyochezewa, isome pungufu ya uzito wa kweli. Tofauti iliondoka kimya kimya kuelekea kwa magenge ya Kansas City, Chicago na kwingineko, bila kodi. Filamu ya Martin Scorsese ya 1995, Casino, imetokana na mambo hayo. Mchezeshaji wa Stardust aliyekuwa akionyesha viganja kila zamu alikuwa akifanya kazi katika jengo ambalo sarafu zake zilivuja kwa magunia.

Kwa hiyo hati za saini nne, makasha yenye funguo tofauti na kumbukumbu za kamera vinamtumikia mtoza kodi kama vinavyomtumikia mwenye kasino. Afrika Mashariki nako mambo ni hayo: Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa sheria ya 2003, na Kenya iliitungia kamari sheria tangu 1966. Ukiingia kasino ya Dar es Salaam au Nairobi utaona viganja vile vile vikigeuzwa chini ya kamera zile zile.

Teknolojia inaendelea kubana mianya. Chipu za thamani kubwa siku hizi huweza kuwekwa kifaa kidogo cha mawimbi ya redio ndani yake, na Wynn Las Vegas ilifunguliwa 2005 ikiwa na chipu za namna hiyo. Meza inaweza kujua yenyewe ni chipu zipi ziko wapi, na zilizoibwa zikafutwa thamani. Lakini kila chombo kipya kina fundi wake, na fundi naye ni mtu. Ronald Harris alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa bodi ile ile ya Nevada, kazi yake ikiwa kukagua programu za mashine za kamari zisichezewe. Alizichezea yeye, na vifaa vya ukaguzi ndivyo vilivyompa njia. Alikamatwa Januari 1995 baada ya mshirika wake kushinda dola 100,000 za mchezo wa keno huko Atlantic City, ushindi ambao wafanyakazi wa kasino waliutilia shaka. Alihukumiwa kifungo, na jina lake liliingizwa katika orodha ya Nevada ya watu wasioruhusiwa kukanyaga kasino.